Klorini Kwenye Tangi la Swaumu

"Umefuata nini Kisarawe, Halidi?"

Swaumu hakumkaribisha hata kiti. Alikuwa bandani kwake, anashindilia vumbi la mbao kwenye mifuko ya uyoga.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Kwa lipi?"

Halidi akasogea karibu na mifuko. Mwaka mzima alikuwa amejipanga kwa maneno haya.

Walikuwa wote kiwanda cha karatasi Zegereni, yeye msimamizi wa zamu, Swaumu mtaalamu wa majitaka. Swaumu aliotesha kwenye tangi ukungu mweupe alioutoa kwenye magogo yaliyooza ya kwao. Ukungu ukawa unakula weusi wa majitaka ya kiwanda, maji yakaanza kutoka na rangi ya chai tu. Posa ya Halidi kwa Swaumu ilikuwa imeshapokelewa na baba yake Swaumu. Kisha, asubuhi moja, wakaguzi wakaja.

"Tangi nililisafisha mimi," Halidi akasema. "Niliona utando umetanda, nikaona aibu, wakaguzi wako getini. Nikasugua kwa klorini. Ukungu ukafa wote. Bosi alipouliza, nikasema mbegu yako ya ukungu ni dhaifu."

"Nikafukuzwa."

"Ukafukuzwa."

"Nilijua tangu siku ile."

"Ulijua?"

Swaumu akafuta mikono, akamwonyesha simu. Meseji bado ilikuwepo:

"Halidi, hukugusa tangi leo? Niambie tu."

Chini yake, jibu: "Sijagusa mpenzi. Pole, mbegu imekataa."

"Shati lako lilinuka klorini mpaka macho yakaniwasha. Nilikuuliza ili useme, siyo ili nijue. Ungesema, tungeotesha upya, na leo ningekuwa mkeo."

"Nitarudi kwa mzee, nimwangukie..."

"Posa aliirudisha kwa sababu nilimwomba mimi."

Halidi akainamisha kichwa. Alijichukia, na hakuwa na wa kumsingizia tena.

Swaumu akaingia ndani, akatoka na chupa yenye utando mweupe.

"Mbegu ni ile ile. Wapelekee kiwandani. Maji yale yanaishia mashambani kwa watu, hawajanikosea kitu."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi hapa. Nenda, Halidi."

Alasiri alifika Zegereni, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili. Bosi akaigeuzageuza.

"Si ndiyo hii iliyokufa mwaka jana? Itafaa nini?"

"Haikufa yenyewe, bosi. Niliiua mimi, nikamsingizia Swaumu."

Bosi akaiweka chupa mezani. Halidi naye alishangaa jinsi maneno yenyewe yalivyokuwa machache.