Valvu Iliyowaka Bure

Kila siku alasiri, Chiriku alitoka shule, akampita mshona nguo, akampita muuza kamba, akaingia kwenye karakana ya babu yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja chembamba sana. Mtu mnene akiingia, ililazimu redio moja itoke. Babu alikuwa fundi wa redio za zamani, zile za mbao zenye uzito wa mbuzi mwenye mimba. Ajabu ni kwamba fundi huyo wa redio alikuwa hasikii. Ng'ombe angeweza kulia sikioni mwake, naye akauliza ni nani aliyenong'ona.

“Inasemaje?” babu aliuliza, akiielekezea kidole redio iliyokuwa mezani.

“Inakoroma!” Chiriku alipaza sauti.

“Inakohoa?”

“Inakoroma, babu! Kama wewe!”

“Ahaa,” babu akasema, akachukua bisibisi.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Babu alikuwa mikono, Chiriku alikuwa masikio.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno, na tangu hapo hakupumzika ila akilala. Lakini sasa mama alikuwa amekwenda kufanya kazi mji mwingine, huu mwaka wa pili, na Chiriku alikuwa amenyamaza. Azungumze na nani? Babu alihitaji kupigiwa kelele, na mambo mengine hayapigiwi kelele. Huwezi kusimama ukapayuka, “Babu, leo nimemkumbuka mama!” Shuleni nako wasichana walisema ananuka lehemu, ile risasi inayoyeyushwa ili kuunganisha nyaya. Hawakumchokoza. Hawakumwita tu. Wakati wa mapumziko alisimama karibu na bomba la maji, akijifanya ana kiu. Alikunywa maji mengi sana mwaka ule.

Likizo ilipoanza, babu alinunua sanduku la valvu. Valvu ni chombo kidogo cha kioo, mfano wa balbu, ambacho hewa yote ya ndani imenyonywa. Redio ya zamani haiwezi kusema bila valvu. Viwanda vilivyozitengeneza vilifungwa siku nyingi, kwa hiyo anayezitaka hana budi kununua za zamani. Zilikuwa sitini, kila moja imeviringishwa kwenye kipande cha gazeti.

“Aliyeniuzia ameapa kwamba zote ni mpya,” babu alisema. “Ameapa kwa mama yake, akaapa kwa shangazi yake, kisha akamwongeza na bibi yake. Muuzaji akishafika kwa bibi, ujue mzigo una walakini. Tutazipima sisi wenyewe.”

Akamwonyesha mashine ya kupimia, sanduku la chuma lenye matundu juu na kioo chenye mshale.

“Chomeka valvu hapa. Subiri dakika tano ipate joto, kisha tazama mshale. Ukifika kwenye kijani, andika NZIMA. Ukikomea kwenye njano, andika IMECHOKA, na mnunuzi tutamwambia hivyo hivyo. Usipoinuka, andika IMEKUFA.”

“Na nikiona inawaka, si nzima?”

“Kuwaka si kazi!” babu akacheka. “Hata mwanafunzi darasani amefumbua macho. Muulize swali uone.”

Kila valvu ilifungiwa kikaratasi kwa uzi. Watu walitoka mbali kwa ajili ya kikaratasi hicho. Masoko yalikuwa na wauzaji tele wa valvu, lakini wengi walizipangusa vumbi tu na kuziita mpya. Kwa babu, neno lililoandikwa ndilo lililokuwemo.

Siku ya pili, Chiriku alipokuwa amepima valvu ishirini na mbili, vichwa vitatu vilichungulia mlangoni. Mbele alikuwa Twiga, msichana mwenye shingo ndefu, ambaye neno lake lilikuwa sheria kwa wenzake.

“Wewe, Chiriku! Tumepungukiwa mtu mmoja. Unajua kuzungusha kamba?”

Chiriku alisimama upesi hata akajigonga kwenye meza. “Najua! Nisubirini, nimalize hizi!”

“Tunaanza sasa hivi. Ukichelewa tunamwita mwingine.”

“Nakuja! Hesabuni mpaka elfu!”

“Mia tatu,” alisema Twiga. “Moja, mbili, tatu...”

Ukihesabu mpaka mia tatu bila haraka, umemaliza dakika tano, yaani muda wa kupima valvu moja. Zilibaki thelathini na nane. Babu alikuwa amempa mgongo, akipigana na skrubu yenye kutu. Chiriku alichomeka valvu ya kwanza, ikawaka. Akachomeka ya pili, ikawaka. Akachomeka ya tatu, nayo ikawaka.

“Basi,” alijiambia, “hata hizi nyingine ni ndugu zao.”

Akaandika NZIMA mara thelathini na nane. Karatasi za mwisho zilionekana kama vile kuku amezipitia. Twiga alipofika mia mbili na tisini, Chiriku alikuwa nje.

Alizungusha kamba alasiri nzima. Wengine waliruka kwa zamu, wakaanguka, wakacheka, wakagombana juu ya nani aliikanyaga. Zamu ya Chiriku ya kuruka haikufika. Walipoachana, Twiga alimwambia, “Una mkono mzuri,” kisha wale watatu wakaenda zao wameshikana mikono. Chiriku alirudi peke yake, bega likimuuma, akijaribu kufurahi.

Kesho yake aliingia mwanamke mzee, mrefu, mwenye mfuko wa kitambaa begani.

“Shikamoo, bibi,” Chiriku alisema.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimetembea tangu asubuhi, magoti yananitukana.” Alifungua leso, akatoa valvu iliyoungua. “Nataka nyingine kama hii. Niliambiwa kwa fundi huyu mtu hauziwi takataka.”

Chiriku alimpa kigoda. Mzee yule alikaa akiishika valvu yake kwa mikono miwili.

“Mimi nilikuwa mkunga,” alisema. “Nimezalisha watoto elfu moja na ushei. Wote wamekua, wameota ndevu, na hakuna hata mmoja anayekumbuka njia ya kwangu. Redio hii aliniachia marehemu mume wangu. Ndiyo inayoniamkia asubuhi. Tangu inyamaze, wiki ya tatu leo, nimeanza kuzisalimia sufuria.”

Chiriku hakucheka. Alifungua sanduku. Valvu za aina hiyo zilikuwa mbili, zimefanana kama pacha, na zote zilitoka kwenye lile fungu la thelathini na nane. Akachukua iliyokuwa juu.

“Mmeipima?” mkunga aliuliza.

Angeweza kusema, “Ngoja kidogo, bibi.” Dakika tano tu. Lakini angelazimika kueleza kwa nini kikaratasi kilikuwa kimeandikwa tayari.

“Tumeipima. Ni nzima.”

“Vyema. Maana kurudi hapa sitaweza. Ukisema nzima, nimeamini.”

Babu aliona midomo ikicheza. “Anasemaje?”

“Anauliza kama ni nzima!” Chiriku alipaza sauti.

“Umemjibuje?”

“Nzima!”

Babu alimgeukia mkunga, uso wote ukitabasamu. “Mama, mjukuu wangu huyu akisema nzima, wewe kalale usingizi.”

Mkunga alilala au hakulala, hatujui. Chiriku hakulala. Kwa siku tatu alijiambia kwamba valvu ile iliwaka. Siku ya nne alichomeka mashine, akaanza kuzipima zilizobaki, moja baada ya nyingine, dakika tano kila moja. Karibu zote ziliwaka vizuri, nyekundu kama kaa la moto, lakini kwa nyingi mshale ulilala pale pale. Alipomaliza, kati ya thelathini na saba, nzima zilikuwa tisa tu. Pacha aliyebaki alikuwa mmoja wa hizo tisa. Je, yule aliyekwenda na mkunga?

Alikaa mlangoni akiitazama barabara. Alitamani mkunga atokee, hata akiwa na fimbo, hata akimgombeza mbele ya watu. Hakutokea. “Kurudi hapa sitaweza,” alikuwa amesema. Mahali fulani kulikuwa na nyumba iliyokaa kimya kwa sababu yake, na Chiriku aliijua nyumba ya namna hiyo. Alikuwa akiishi ndani yake.

Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: Babu, sikuzipima. Akaisukuma mezani. Babu aliisoma, akavua miwani, akairudisha karatasi.

“Uongo uliusema kwa mdomo,” alisema. “Na ukweli useme kwa mdomo huo huo.”

“Nilimdanganya yule bibi,” Chiriku alisema.

“Sisikii.”

“Nilimdanganya yule bibi!”

“Paza sauti, mama!”

“NILIMDANGANYA BIBI! VALVU SIKUIPIMA! NILIANDIKA NZIMA NIKAENDA KUCHEZA!”

Cherehani ya jirani ilinyamaza. Muuza kamba aliingiza kichwa, akakitoa. Nje, Twiga na wenzake waliacha kamba ikaanguka chini. Mtaa mzima ulikuwa umesikia, na wa mwisho kusikia alikuwa babu. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Babu hakumpiga wala hakufoka. Alikaa akiviangalia vile vikaratasi vyenye mwandiko wa kuku, kimoja kimoja, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

“Kesho hatufungui,” alisema mwishoni. “Tutabeba mashine, tutabeba huyo pacha, tutamtafuta.”

Asubuhi waliondoka. Babu alijitwika mashine iliyofungwa kwenye blanketi, Chiriku akaikumbatia valvu kama yai. Waliuliza njia kwa muuza mkaa, wakauliza kwa kinyozi. “Mkunga?” kinyozi alisema. “Yupo, nyumba ya mwisho, yenye mlango wa kijani. Sijui hali yake. Ni siku nyingi sijapita.”

Walipofika, mkokoteni ulikuwa mlangoni. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameikumbatia redio ya mbao, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

“USIIPAKIE!” Chiriku alipiga kelele, kwa ile sauti iliyozoea kumwamsha babu. Yule mtu nusura aiangushe.

“Haya, haya,” alisema. “Mimi si kiziwi.”

Mkunga alitoka nyuma yake. “Kumbe ni nyinyi? Mmejisumbua bure. Nimeweka taa yenu, ikawaka vizuri kabisa, lakini redio haikutoa neno. Sasa kama taa ni nzima, si mgonjwa ni redio yenyewe? Nikasema basi, imechoka kama mimi. Naiondoa, maana kuitazama ikiwa kimya ni vibaya kuliko kutokuwa nayo.”

Kumbe mkunga hakuwahi kumshuku Chiriku hata kidogo. Alikuwa ameishuku redio.

“Bibi,” alisema, “redio yako haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Sikuipima ile valvu. Niliona nyingine zinawaka, nikaandika tu.”

Mkunga aliwapisha mlangoni. Ndani kulikuwa na kiti kimoja tu kilichochakaa. Vingine vilikuwa vipya kama vimetoka dukani jana. Babu aliichomeka mashine. Walisubiri dakika tano, wote wanne, maana mwenye mkokoteni naye alikataa kuondoka. Valvu aliyouziwa mkunga iliwaka vizuri. Mshale haukutikisika.

“Inapendeza,” alisema mwenye mkokoteni, “kama bwana harusi asiye na mahari.”

Wakamchomeka pacha wa pili. Dakika tano nyingine. Mshale ukajikokota, ukapita njano, ukasimama katikati ya kijani. Babu akaiingiza kwenye redio. Kwanza kulisikika mvumo, kisha mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume aliyekuwa akieleza bei ya mahindi kwa furaha utadhani anatangaza harusi. Mkunga aliweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo.

“Sasa mimi niondoke na nini?” mwenye mkokoteni aliuliza.

“Chukua hiyo taa yao inayowaka bure,” mkunga alisema. Mtu yule akaichukua, akaenda zake akicheka.

Babu alisinzia kwenye kiti kipya. Mkunga akamwita Chiriku karibu.

“Kwa nini hukupima?”

Hakukuwa na haja ya kupiga kelele. Chiriku alisema kwa sauti ndogo, “Walikuja kuniita nikacheze. Walikuwa hawajawahi kuniita.”

“Wakakuchezesha?”

“Walinipa kamba niizungushe.”

Mkunga alitikisa kichwa taratibu. “Nakuelewa. Hata hivyo, sikiliza. Kila mtoto alipozaliwa mikononi mwangu, mama yake aliuliza neno moja: mzima? Kuna siku nilikuwa nimechoka, kuna siku walikuwa wakiniita kwingine. Lakini sikujibu ‘mzima’ mpaka nimemsikia analia kwa masikio yangu. Kabla ya hapo nilisema, ‘Ngoja, sijajua bado.’ Mnunuzi hana mashine, mwanangu. Mashine yake ni mdomo wako. Kama hujapima, sema hujapima. Atasubiri, au atakwenda kwingine, lakini hataitupa redio nzima kwa ajili ya neno lako.”

“Nimesikia, bibi.”

“Na hao wa kamba, siku nyingine waambie wasubiri. Wasiosubiri, waache waende.” Akamsogezea kiti. “Haya, mama yako yuko wapi?”

Chiriku akaanza kumweleza. Alianza na siku ile mama alipofunga sanduku lake, akaja kwenye bomba la maji, akarudi nyuma kidogo kwa kuwa alikuwa amesahau jambo. Bei ya mahindi ilikwisha, wakaanza kutangaza hali ya hewa. Babu alishtuka, akajinyoosha, akaanza kukusanya mashine yake.

“Twende, mjukuu wangu, jua linapanda.”

Mkunga alimwinulia kiganja babu, aone bila kusikia, kwamba asubiri kwanza.