Mjumbe wa Tano

Kiti cha marehemu Nthiga kilikuwa na joto. Kawira, mfanyakazi wa usafi katika chama cha akiba na mikopo cha wakulima hapa Githongo, alikigusa alipokuwa akipangusa vumbi, akauondoa mkono haraka. Chumba cha mikutano kilikuwa kimefungwa tangu Ijumaa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vioo, na viti vingine vyote vilikuwa baridi kama bati.

Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Pengine Kaberia, mwenyekiti wa bodi, angemwelewa. Kaberia alikuwa ameliendesha baraza la mji kwa miaka mingi, akastaafu, akashinda nyumbani akiwatazama kuku wa mkewe mpaka wakulima walipomchagua. Alishukuru zaidi ya alivyoonyesha. Mtu aliyezoea kugongewa mlango na wenye shida hapumziki vizuri mlango unapokaa kimya.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: wajumbe wakiwa chini ya watano, hakuna kikao. Lakini katika mkutano uliopita, wa kwanza tangu Nthiga azikwe, mvua ilikata barabara wakafika wanne tu. Kibali cha kufungua tawi la Laare kilikuwa kinaisha jioni hiyo, na bila uamuzi wa bodi kingepotea.

"Si Nthiga yuko?" alisema Mwalimu Makandi, mmoja wa wajumbe hao wanne, akicheka. "Yule hakukosa mkutano hata akiwa na malaria. Mhesabu tu, Mzee."

"Mwalimu, usicheze na marehemu," mjumbe mwenzake, Bundi, alimwambia, lakini naye alikuwa akitabasamu.

Kaberia alikuwa mtu wa utaratibu hata alipouvunja. Alisimama, akakigeukia kiti kitupu, akasema kwa sauti ya kikao: "Mjumbe Nthiga, bodi inakuhitaji. Karibu uketi." Wakacheka wote. Wakalipitisha jambo lao, wakafunga kwa sala.

Siku ile Kawira alipokuta kiti kina joto, wajumbe walifika wote sita. Chumba kilinuka maganda ya kahawa yaliyooza shimoni, ingawa haukuwa msimu wa kuvuna. Walipopiga kura, Kaberia aliona mikono saba. Akahesabu tena, ikawa sita. Kawira alikuwa amemimina chai vikombe saba bila kujua kwa nini, na kile kilichokuwa mbele ya kiti kitupu kilikuwa kimenywewa nusu.

"Mwalimu," Bundi alinong'ona, "Nthiga alikuwa akinywa chai?"

"Hata siku moja. Tumbo lake lilikataa. Alikuwa mtu wa maji moto."

"Basi huyu ni nani?"



Wiki haikuisha kabla Bundi hajashindwa kuinuka kitandani. Kisha Mzee Mithika, mjumbe mwenzao. Hospitali haikuona ugonjwa. Kaberia alipokwenda kumwona Bundi, alimkuta amekonda, macho yakiwa kwenye kona ya chumba.

"Anakaa kwenye miguu yangu," Bundi alisema polepole. "Hana hasira, Mzee. Anangoja tu. Lakini ni mzito, na kila siku anapanda juu kidogo. Akifika kifuani, nimekwisha."

Mkutano uliofuata walikuwa wanne tena, na kabla Kaberia hajafungua mdomo kile kiti kilisogea chenyewe kuelekea mezani, taratibu, kama kinavyovutwa na mtu mwenye adabu asiyetaka kuwasumbua wenzake, na ile harufu ikapanda mpaka Mwalimu Makandi akaziba pua kwa leso huku akilia bila sauti, na wote wakajua, bila kuambiana, kwamba sasa walikuwa watano.

Ndipo walipomwita Jedidah kutoka Mbeere. Kanisani mama huyu huwaombea wagonjwa, nyumbani huwachemshia mizizi, na haoni ugomvi kati ya hayo mawili. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nani alimwita?"

"Mimi," Kaberia alisema.

"Uliita mtu mmoja, akaitika mwingine. Huyu ni nkoma, roho ya mtu asiye na ukoo wa kumkumbuka. Ulimwambia nini?"

"Kwamba tunamhitaji."

Jedidah akatikisa kichwa. "Maskini. Ndiyo maana anawapunguza. Mkitimia watano, yeye ni wa nini?"

"Mfukuze, Mama."

"Ukaribishe wewe, nifukuze mimi? Huku kwenu mgeni hufukuzwa? Msindikize. Muage kwenye njia panda. Akirudi alikotoka, nenda zako. Asiporudi, usiingie naye kwako. Utakapolala ndipo atakapokaa."

Kaberia alifikiria nyumba yake. Mkewe Lydiah alikuwa humo, na mtoto wa binti yao, ambaye hata kutembea hajaanza.

Akavaa kofia. "Twende, mjumbe," akasema, akatoka.

Barabara ya matope ilipita katikati ya mashamba ya kahawa. Kwenye njia panda aliaga, akashukuru, akangoja. Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Makandi.

"Mzee! Bundi amesimama! Anaitisha githeri, anagombana na mkewe kuhusu chumvi!"

Kaberia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akazima simu, akapiga hatua chache kuelekea kwake, na nyuma yake matope yakalia chini ya nyayo zisizo zake, akasimama nazo zikasimama, akaenda nazo zikaja, na harufu ya maganda ikamgusa kisogoni kama pumzi.

Lydiah alikuwa langoni, mtoto mgongoni.

"Baba Mukiri, chakula kinapoa. Mbona unapita?"

"Namsindikiza mtu."

"Mtu gani?"

Hakugeuka. Ukungu wa upande wa msitu ukampokea. Lydiah alitoka barabarani, akaziona alama za gambuti za mumewe, na kando yake alama za miguu mitupu, karibu karibu, kama za marafiki wawili. Aliita mpaka mtoto akaanza kulia. Kisha, kutoka mbali ndani ya ukungu, akasikia sauti ya mumewe ikibembeleza, ikizidi kwenda mbali na nyumba:

"Harakisha kidogo, ndugu yangu. Huku mbele kuna kazi nyingi."