Mto Ambao Swala Hakuuvuka

Kila siku akirudi shuleni, Mtunzi alivua sare, akaosha vyombo, kisha akasogeza meza ndogo karibu na kitanda cha mdogo wake. Juu ya meza aliweka dadu, kadi za wahusika na kipande cha boksi alichokisimamisha mbele yake kama ukuta. Nyuma ya boksi hilo ndiko alikoficha siri za mchezo.

Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mtunzi alisimulia safari ya hatari, na mdogo wake pamoja na binamu yao wakaamua wahusika wao wafanye nini. Kila mhusika alikuwa na ujuzi wake, uliopewa alama kwenye kadi. Penye hatari, mchezaji alirusha dadu na kujumlisha alama za ujuzi. Akifikia kiwango alichopanga Mtunzi, amefaulu. Asipofikia, imekula kwake.

Mdogo wake huyo mtaa mzima ulimwita Swala kwa jinsi alivyokuwa na mbio. Kisha lori likamgonga, na hospitalini wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Tangu hapo watu waliliogopa jina hilo. Lilibaki kwenye kadi tu: Swala, mbio alama tano, kupanda kuta alama nne, kuogelea sifuri.

Mtunzi alimhurumia mno. Akaanza kupunguza viwango kimyakimya nyuma ya boksi. Swala aliporusha vibaya, kufuli lilifunguka vilevile na walinzi wakalala fofofo. Binamu alinung'unika kwamba mwenzake ana bahati ya ajabu. Mtunzi alifurahi kumwona mdogo wake akicheka, wala hakuona ubaya wowote.

Jioni moja safari ilifika kwenye mto wenye mamba. Binamu akasema anatafuta daraja.

"Mimi naogelea," Swala akasema.

"We! Huna hata alama moja ya kuogelea!" binamu akamaka.

"Naogelea." Akarusha dadu. Ikatua kwenye moja.

Mtunzi akachungulia nyuma ya boksi, akajifanya anapiga hesabu. "Umevuka," akasema.

Swala alimtazama. "Na ningesema naruka mpaka mwezini, dada? Ningefika, sivyo?"

Mtunzi akainamia boksi lake.

"Mnanidanganya wote! Mama anasema nitakimbia tena. Yule mama wa mazoezi wa hospitalini, kila siku vizuri sana, vizuri sana. Kila mtu ana boksi lake!" Akazisukuma kadi zikaanguka sakafuni, akageukia ukutani.

Kuanzia siku hiyo aligoma kufanya mazoezi. Alilala goti likiwa limekunjwa juu ya mto wa kulalia kwa sababu hivyo maumivu yalipungua. Taratibu goti likaanza kukaza. Mama yao, fundi cherehani, alishona nguo za wateja huku akijifuta machozi kwa mabaki ya vitambaa.

Mama wa mazoezi, mtaalamu wa viungo kutoka hospitalini, alipokuja kulipima, aliwaita mama na Mtunzi pembeni. "Goti likikaza hivi, mguu wa bandia hautamfaa. Atatembelea magongo maisha yake yote."

"Ni mimi niliyeharibu, mama," Mtunzi akamwambia mama wa mazoezi, na akaeleza yote, tangu boksi mpaka mto.

"Hata mimi ninalo boksi langu," yule mama akasema. "Nilimsifia goti ambalo halikuwa likinyooka." Akaingia ndani, akaketi kitandani.

"Swala."

Mtoto alishtuka kusikia jina lake.

"Hutakimbia kama zamani. Huenda usikimbie kabisa. Kutembea unaweza, lakini itauma, na leo goti lako ni baya kuliko nilivyoliacha."

Swala alilia sana. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwishowe akauliza kwa sauti ya mafua, "Kiwango cha leo ni ngapi?"

"Goti linyooke, lilale kitandani mpaka nihesabu kumi."

Alipiga kelele, akaachia kwenye nne.

"Umeshindwa," mama wa mazoezi akasema. "Kesho tunaanzia nne."

Usiku huo Swala hakulala ameelekea ukutani.

Mtunzi alilitupa lile boksi. Sasa alitaja kiwango kabla dadu haijarushwa, na kila kikwazo alikipa zaidi ya njia moja, ili anayeshindwa apate hasara lakini safari isikatike. Swala alipoteza taa, kamba na punda. Binamu alimcheka mpaka akapaliwa.

Miezi ikapita, goti likanyooka. Siku Swala alipofika mlangoni kwa mguu wa bandia, akiwa amekunja uso kwa maumivu, mama wa mazoezi alimgeukia Mtunzi.

"Ukimpangia mtu jambo asiloliweza kabisa, unamvunja moyo," alisema. "Ukimpangia jepesi mno, hajifunzi kitu. Lakini ukimdanganya kuhusu mahali alipofika, unamnyang'anya hata zile hatua alizopiga kweli. Mpende, na umwambie ukweli."

Swala alirudi kitandani akihema, akachukua kadi yake. "Dada, niandike upya. Mguu mmoja wa bandia. Mbio alama moja."

"Una hakika?"

"Ndiyo. Halafu turudi kwenye ule mto wa mamba. Sikuuvuka mimi."

Mtunzi alimtazama machoni. "Kiwango ni sita, na kuogelea hujui."

Swala aliigeuzageuza dadu mkononi, kisha akaiweka mezani bila kuirusha.

"Basi," akamwambia binamu yake aliyeketi kando, "tutafute daraja."