Keren na dirisha jeusi la kompyuta

Haya nilielezwa na mdogo wangu Berthe, wakati wa kuvuna maharagwe, vita vikiwa bado vinatuzunguka hapa Butembo.

Berthe alikuwa sekretere wa ofisi ya kanisa letu. Kila siku baada ya masomo, Keren, binti wa kaka yetu Gamaliel, alipita kwake kujifunza kuandika kwa kompyuta. Alifundishwa kwenye ukurasa mweupe: ukimaliza, bonyeza Control pamoja na S, maandishi yanahifadhiwa. Akazoea, hata vidole vikawa vinakwenda vyenyewe.

Alasiri moja risasi zikalia upande wa soko. Wakafunga mlango, wakausukumia meza. Redio ikasema magari yanachomwa kwenye njia ya Beni. Na Gamaliel alikuwa huko Beni, karibu kupanda lori arudi nyumbani. Hawakuweza hata kuchungulia nje. Ilibaki kompyuta tu. Kwenye ukurasa wake mweusi, walioita dirisha, ofisi ilikuwa ikiandika ujumbe, nayo redio kubwa ya mawasiliano ya kanisa ikiupeleka mpaka ofisi ya Beni.

“Andika: Gamaliel asitoke, njia ni mubaya,” Berthe akasema. “Mi naenda kutia essence ya mwisho mu groupe.” Akachukua kidumu cha petroli, akapitia mlango wa ndani kwenda kwenye chumba cha jenereta.

Keren akaandika haraka. Alipomaliza, vidole vikabonyeza Control na S. Skrini ikaganda. Akapiga herufi hii na ile, akapiga tena. Hakuna iliyoonekana.

Berthe akarudi, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. “Uligusa nini?”

“Sikugusa kitu, tantine,” Keren akamjibu shangazi yake. “Imekufa yenyewe.”

“Basi nazima, tuanze upya. Lakini sijui kama essence itatosha.”

Mkono wa Berthe ukafika kwenye swichi. Keren akaushika.

“Tantine, hapana kuzima. Ni mimi. Nilifinya Control na S, ili ibakie.”

Berthe akashusha pumzi. “Kumbe. Mu hii dirisha nyeusi, hiyo ni kuiambia isimame. Inasikia yote, lakini haionyeshi kitu. Finya Control na Q.”

Keren akafinya. Skrini ikaamka, na yote aliyokuwa akipiga yakamwagika kwa mara moja, kuiambia iamke na kumwita papa, baba yake: amkaamkapapapapapapa.

“Ona mutoto mwenye hakugusa kitu,” Berthe akasema, na Keren akaficha uso.

Wakafuta ya ziada, wakatuma. Baada ya muda jibu likaja: Gamaliel ameshuka kwenye lori, analala Beni. Jenereta ikakohoa, ikazimika.

Usiku ulipoingia wakatandika kitenge sakafuni, maana hawakuweza kutoka.

“Kosa lako tulitengeneza na vidole mbili,” Berthe akamwambia gizani. “Lakini uliponidanganya, sikujua nianzie wapi, na papa yako alikuwa anapanda lori. Siku ingine sema mara moja, hata kama unaogopa.”

“Ndiyo, tantine.”

Keren akasinzia, mkono wake ndani ya mkono wa Berthe. Berthe akasikiliza risasi mpaka zikawa mbali, zikawa chache, naye akalala.