Chura wa Kuazima

Leya alimdharau Ombeni kabla hajamwona uso. Alikuwa kwenye foleni ya chakula katika ukumbi wa harusi huko Columbus, Marekani, sahani mkononi, watu mia tatu wakisukumana kwa ajili ya sombe ya majani ya muhogo, spika zilipolia kama chura. "Ribiti! Ribiti!" Kisha ulimi ukatetemeshwa, brrrr, zikafuata risasi za mdomoni, bo bo bo, na mwanamume mmoja akaporomosha Kijamaika ambacho Mjamaika mwenyewe angeomba mkalimani.

"Ni nani amepatia ule mugonjwa mikro?" Leya aliuliza hewani.

Baada ya wimbo mgonjwa alishuka, akaja kusimama nyuma yake. Koti la zambarau la kung'aa, viatu vyeupe, miwani ya jua ndani ya nyumba. Yeye Leya alikuwa amevaa mshanana wa rangi ya machungwa uliofungwa begani, na alijua unampendeza.

"Ulipenda, mama?"

"Kupenda nini? Kile kikohozi?"

Ombeni akacheka. Jambo hilo lilimuudhi zaidi, maana mtu aliyetukanwa vizuri hana haki ya kucheka.

"Si kikohozi. Kule Jamaika, diijei ni ule mwenye anasema juu ya mdundo. Kila mmoja iko na sauti yake. Mmoja analia chura, mwingine anabweka, mwingine anatetemesha ulimi. Hata umeme ikizima, batu banajua fulani amefika."

"Bon. Na weye ukilia chura, banajua nani amefika?"

Ombeni alivua miwani, akamtazama vizuri.

"Banajua mwizi wa chura amefika," Leya akasema, akajipakulia kuku.

Kabla ya keki kukatwa alikuwa amempa namba ya simu. Kwa nini, hata yeye hakujua. Labda kwa sababu mtu wa kumdharau kila siku ni raha ambayo Buffalo haikuwa nayo.

Leya aliishi huko Buffalo, mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao iliyochakaa, akitunza wazee wa watu kwa mshahara. Ombeni alikuwa Louisville, akipakua vifurushi ghalani. Walipigiana simu saa ya mapumziko.

"Sheri, mupenzi wangu, sikia hii. Brrr-bim!"

"Hiyo ni friji ya mama yangu."

"Na hii? Wah-wah-oi!"

"Hiyo ni mbwa ya jirani, na mbwa anafanya muzuri kuliko weye."

Miezi minne hivyo. Mapenzi yalimwingia akiwa bado anatukana, na alipogundua ilikuwa jioni, Ombeni hajapiga, naye amekiangalia kioo cha simu mara kumi na moja kama mwehu.

Ndipo akamwonea huruma. "Weye mutoto wa muji, wa Kadutu," akamwambia, "ng'ombe uliona kwenye mushikaki tu. Mi nitakupatia sauti. Ya kwetu milimani, ya Minembwe. Papa alikuwa anaita nayo ng'ombe zirudi nyumbani." Akaitoa kutoka kooni: "Hrrr-yeee, tk-tk-tk."

Ombeni akauliza, "Ni kweli unanipatia?"

"Chukua. Uache chura ya batu."

Aliifanyia mazoezi ghalani hadi msimamizi akamuuliza kama amemeza dawa. Na Leya akapanga yake. Mwezi wa sita dada yake Teta angeolewa pale Buffalo. Ombeni angeimba. Baba yao, Mzee Rutebuka, mtu mwenye fimbo na maneno machache, angeisikia sauti ya malisho yake ng'ambo hii ya dunia, moyo ungelainika, angeuliza kijana huyu ni wa nani. Hapo Leya angesimama aseme: ni wangu.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, ukumbi umejaa. Ombeni alivaa suti nyeusi, bila miwani. Mdundo ukaanza, akapumua, akaachia: "Hrrr-yeee, tk-tk-tk!"

Vijana wakarusha mikono. "Rudisha! Rudisha!" Na kwa kuwa Jamaika wimbo uliopendwa hukatwa ukaanzishwa upya, Ombeni akaurudisha. Mara tatu.

Kwenye meza ya wazee hakuna aliyerusha mkono. Mama Mukashyaka, mmoja wa wazee wa kanisa lao, alijifunika uso kwa nguo yake, mabega yakimtikisika. Mzee Rutebuka akainuka, akaenda polepole hadi jukwaani.

"Kijana, hii sauti unajua ni ya nini?"

"Ya kuita ng'ombe zirudi nyumbani, papa."

"Hapana. Ni ya kuambia dume apande."

Ukumbi ulipasuka. Mzee hakucheka. "Kwenye ndoa ya mutoto yangu, mbele ya pasta. Nani alikufundisha?"

Leya akakumbuka. Ng'ombe jike kashikiliwa kwenye ua, baba akitoa sauti ile, na yeye, mtoto wa miaka mitano, kaamriwa aingie ndani, akachungulia, asielewe kitu. Huyo ndiye mwalimu aliyemcheka mwizi wa chura! Alitaka kusimama. Akainamia sahani yake.

Ombeni alimtazama mara moja tu. "Hakuna mutu, papa. Nilisikia kwenye interneti. Ni bujinga yangu." Akaweka mikro chini, akatoka katikati ya vicheko, akaendesha gari mpaka Louisville.

Wiki mbili hakupokea simu. Leya alijitafuna. Dharau yote aliyokuwa akiigawa bure sasa ilikuwa imerudi kwake, na alistahili. Alimpenda mtu yule, na alikuwa amemwacha abebe aibu yake mbele ya watu mia mbili.

Jumapili ya tatu, wakati wa matangazo kanisani, alisimama. "Ile sauti ya dume, ni miye njo nilifundisha Ombeni. Alinificha. Mi nikakaa kimya." Mama Mukashyaka akaanza kutikisika tena kwa kicheko.

Nyumbani Mzee alimwita bintiye. "Ulimuacha aondoke na haya yako," akasema. Kisha akamnyooshea simu yake mwenyewe. "Piga."

Ombeni alipokea, kwa kuwa hakuijua namba.

"Ni miye, mwizi wa dume," Leya akasema. "Nimesema kanisani. Batu bote banajua. Unisamehe."

Kabla hajajibu, Mzee akachukua simu. "Kijana, sikia ile yenyewe." Akafumba macho, akaita, chini, taratibu, "Ooo-heee, ooo-heee," sauti ambayo haikufanana hata kidogo na ya Leya. "Rudia."

Ombeni akarudia.

"Mubaya sana. Ng'ombe zangu zingekimbia. Uje Jumamosi nikufundishe." Akamrudishia Leya simu, akatoka kwenda barazani.

"Sheri," Leya akanong'ona, "ile ya kwanza usiitupe."

"Juu ya nini? Si ni ya dume?"

"Njo maana. Kisha ya ndoa tutaihitaji."

Ghalani mtu alikuwa akimwita Ombeni arudi kazini.

"Ni weye njo umetaja ndoa," akasema.

"Ni miye. Jibu."

"Ndiyo. Ribiti," akajibu mwizi wa chura.