Mpaka Aive

Kipambanuzi kilihitaji sekunde kumi na moja. Mtoto alilazwa juu ya kitanda cha kioo kwenye lango la Idara ya Dharura, miale isiyoonekana ikapita mwilini mwake, ikahesabu mapigo ya moyo, ikapima pumzi na joto, kisha kioo chote kikageuka rangi. Nyekundu ilifungua lango. Kijani ililiacha limefungwa, na sauti ya upole ikamshauri mzazi arudi nyumbani akampe mtoto maji ya kutosha.

Jiji la Ngerengere Mpya lilikijenga kwa sababu ya takwimu moja: kati ya watoto kumi waliofikishwa Dharura, saba hawakuwa na dharura yoyote. Mafua, upele, tumbo kujaa gesi. Tume iliundwa kuchunguza kwa nini wazazi hufanya hivyo. Ilikaa miezi kumi na minne, ikawahoji madaktari, ikagundua kwamba wazazi ni wajinga. Hakuna mzazi aliyehojiwa, pengine kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyekisanifu ni Mhandisi Selestina Mbawala. Alijivunia jambo moja kuliko yote: hakuna mkono wa binadamu ulioweza kubadili rangi yake. Muuguzi hakuweza kumwingiza mtoto wa shangazi, wala mkubwa hakuweza kupiga simu. Katika jiji ambalo foleni ilikuwa ya wale wasiomjua mtu, hilo lilikaribia kuwa haki. Na ili wazazi wasijizoeshe, kila kijani iliandikwa kwa jina la mzazi. Ya tatu ilimfungia lango, yeye na watoto wake wote, kwa siku tisini.

Mwaka ulipokwisha, wale saba walikuwa wamebaki wawili. Selestina akatumwa hospitalini kuandika sura ya mwisho ya ripoti, ile ya kueleza mafanikio, ili miji mingine kumi na miwili ipelekewe Kipambanuzi.

Asubuhi hiyo alimkuta mama mmoja kwenye benchi la ndani, Tunu Mkude, mfungaji bidhaa katika kiwanda cha vitenge. Binti yake wa miaka minne, Zamda, alikuwa ameingizwa mbio nusu saa iliyopita akiwa katika degedege.

"Pole, dada. Alianza kuumwa lini?"

"Juzi."

"Ulimpa dawa gani?"

"Sikumpa."

"Hukuwa nayo?"

"Chupa imejaa, iko kabatini." Tunu hakuinua sauti. "Mara ya kwanza, miezi michache nyuma, nilimpa. Nikampangusa kwa maji, nikamleta. Kufika hapa joto limeshuka, mtoto anachezea viatu vyangu. Kijani. Mara ya pili vivyo hivyo. Mashine yenu haimtaki mtoto aliyehudumiwa."

"Ungempeleka zahanati ya mtaa."

"Inafunguliwa nikiwa kazini, inafungwa kabla sijatoka. Chekechea hawampokei mwenye joto bila cheti cha daktari. Kiwandani hawanipi ruhusa bila cheti. Na cheti wanachokiamini wote ni cha hapa. Wewe ungekwenda wapi?"

Selestina aliandika neno "cheti", akalipigia mstari. Halikuwamo katika kurasa mia tatu za tume.

"Kwa hiyo tunaambizana pale chekechea," Tunu aliendelea. "Usimpe kitu. Mwache aive."

"Aive?"

"Mpaka awe mwekundu. Wengine tumenunua vipimajoto. Mama Riziki humfunika wake mablanketi mawili, yeye hana subira."

Mhandisi alizitazama takwimu zake kwa mara ya kwanza kama kitu kilichoandikwa na mtu mwingine. Wazazi hawakuwa wamefundishwa kuitambua dharura. Walikuwa wamefundishwa kuitengeneza.

Mlango ulifunguliwa, akatoka Muuguzi Nakiete, akavua barakoa.

"Ataishi, mama. Ni homa ya uti wa mgongo, na imemkaa siku mbili. Masikio bado hatujui. Tunamwita, hageuki. Ungemleta juzi."

"Juzi angekuwa kijani."

Nakiete alimtazama mhandisi, si mama, kisha akarudi ndani.

Tunu aliweka mikono magotini. Alipozungumza tena alikuwa ameshahama katika jambo lile, kama wafanyavyo watu wenye watoto zaidi ya mmoja.

"Nina mwingine, wa miezi minane. Nimemwacha kwa jirani. Ameamka na joto kidogo, hataki kunyonya. Ugonjwa huu unaambukiza?"

"Unaweza."

"Nimlete?"

"Mlete sasa hivi."

"Nina mbili za kijani tayari. Huyo akitoa ya tatu, nimefungiwa. Na wa ndani akiruhusiwa halafu akazidiwa, nitamleta kwa lango lipi?" Alimgeukia. "Wauguzi wameniambia wewe ndiye uliyeiunda mashine hii. Unaweza kuzifuta?"

"Hapana," alisema Selestina. "Hakuna anayeweza."

Sentensi hiyo alikuwa ameitamka katika mikutano mingi, na kila mara alipigiwa makofi.

"Apimwe kwanza. Labda atatoka mwekundu…"

"Labda," Tunu alikubali, kwa adabu ile ile ambayo mtu humwonyesha mgeni aliyepotea njia. Akatoa simu, akampigia jirani.

"Mama Sikudhani, nisikilize. Usimpe dawa. Mpime kila baada ya saa moja. Joto likifika thelathini na tisa na nusu, nipigie."