Chumba Kisicho na Mwangwi

Chumba cha kupimia antena hakina mwangwi. Kuta zake zimevikwa sponji nyeusi zenye ncha, zinameza mawimbi ya simu na sauti pia. Kwa hiyo mchana ule mhandisi Mama Pacha alipopiga chafya humo, na chafya ikamrudia kutoka ukutani, aliganda.

"Mzee Waya, umesikia?"

"Nimesikia, na sitaki kusikia tena," fundi wa vipimo akanong'ona. "Tuondoke, mwanangu."

Waondoke waende wapi? Miaka mitatu Mama Pacha alihangaika kuipunguza antena kubwa ya minara ya simu iwe ndogo kama mkate, ibandikwe ukutani juu ya madirisha ya watu. Jioni hiyo bosi alitaka cheti cha majaribio. Kikikosekana, kazi yote inatupwa. Wakaiacha antena ndani, wakatoka, wakafunga mlango mzito, wakawasha mitambo.

Kwenye kompyuta, mchoro wa mawimbi ulikuwa na pengo. Kitu kilisimama mle, kinakinga mawimbi. Wakaigeuza antena kwa mtambo, pengo likahama. Wakaigeuza tena, likahama tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, na spika ya mezani, ambayo hakuna aliyeiwasha, ikaanza kupumua, taratibu, kwa kukwaruza, mpaka pumzi ile ikawa maneno.

"Niachie upande mmoja tu wa kukaa katika kila antena, mama, nami nitakusafishia mchoro. Tuko wengi. Mawimbi yenu yametunyima pa kukaa."

Hapo hapo pengo likafutika. Mchoro safi, wa kupigiwa makofi! Tamaa ilimshika Mama Pacha, tuseme ukweli. Kisha akawaza wanawe wamelala, na kile kitu dirishani kinawapumulia.

"Ala! Nikuweke juu ya vitanda vya watoto wa watu, kwa mikono yangu? Thubutu!"

"Kubali, mwanangu," Mzee Waya akamsihi. "Miaka mitatu!"

"Ni yangu, Mzee. Naitupa mwenyewe, kitu hiki kisipate pa kukaa."

Akachukua cheti, akaandika IMEFELI, akasaini. Akaingia chumbani, akaing'oa antena na kuipasua kwa nyundo, huku yowe likimzunguka na vidole vya baridi vikimvuta shingo, hadi kipande cha mwisho kilipovunjika na kila kitu kikanyamaza.

Bosi akatokea mlangoni. "Umefanya nini?"

"Imefeli. Kesho naanza nyingine." Akageukia zile sponji nyeusi, machozi yanamtiririka. "Na wewe ukiisogelea, naivunja hiyo nayo. Tuone nani atachoka."